Kilichokuwa Kijito

Mama mdogo aliniita Kerege nikamsaidie kuthibitisha kwamba kijito chake ni kijito. Alituma ujumbe kwa simu ya jirani, mfupi kama ilivyo kawaida yake: njoo, wanataka kukifukia. Wakati huo nilikuwa Bagamoyo mjini, nabeba magunia ya chumvi kutoka mashambani hadi kwenye malori, na goti langu la kulia lilikuwa limeshaanza kukataa kazi. Sikuhitaji kubembelezwa.

Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na mimi namwita mama tu. Ni mjane. Mali yake yote ni nyumba ya vyumba viwili na kipande cha bonde upande wa baharini wa barabara kuu, chini ya mikorosho. Katikati ya bonde hilo panapita maji. Masika hulima mpunga, na kiangazi hupanda mchicha, matembele na bamia, akimwagilia kwa ndoo. Anakula humo na kuvaa humo. Hana kingine.

Juu ya shamba lake, mzee mmoja aliyestaafu kazi Dar es Salaam alikuwa amenunua kiwanja. Alitaka kujenga ukuta wa kukizunguka, na njia ya maji ilikuwa inakata kona yake. Akasema huo ni mchirizi tu wa mvua, na kabla ya masika angeufukia kwa kifusi. Mama akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akasema Ijumaa baada ya sala atakuja mwenyewe kuangalia. Kama ni kijito, hakifukiwi, ndivyo sheria inavyosema na ndivyo wazee walivyokuwa wakisema hata kabla ya sheria. Kama ni mchirizi wa mvua, mwenye kiwanja atafanya apendavyo. Na kikifukiwa, bonde la mama litabaki udongo mkavu kwa nusu ya kila mwaka.

"Wewe si ndiye msomi wa maneno," aliniambia nilipofika, hata kabla sijatua mfuko. "Utamweleza mwenyekiti kijito ni nini."

"Msomi wa darasa la sita, mama."

"Sita ni nyingi. Mimi sikuingia hata la kwanza, na kijito nakijua."

Ni kweli nilikuwa na tabia hiyo ya kuokota maneno, na yeye alikuwa ameivumilia miaka mingi. Nimezunguka sana. Ubena nilichoma mkaa, na huko bonde lenye kingo kali ambalo maji hulipitia kwa hasira na kuliacha kavu huliita korongo. Vigwaza nililinda shamba la mtu ambaye sikuwahi kumwona, na pembeni yake palikuwa na mfereji wa kumwagilia mboga. Dar nilichimba mitaro ya maji machafu mpaka nikawa naiota. Kila mahali maji yanatambaa juu ya ardhi, na kila mahali watu wameyapa jina kufuatana na yanavyowatendea.

Kijito nilikutana nacho shuleni. Mwalimu aliandika ubaoni mto, kijito, mji, kijiji, mti, kijiti. Nilinyoosha mkono nikauliza hilo "ji" limetoka wapi, akaniambia nikae chini. Baadaye sana nilipata kamusi iliyochanika jalada, nikakimbilia ukurasa huo, nikakuta wameandika mto mdogo. Niliona kama nimedhulumiwa. Kwa hiyo nilijitungia maelezo yangu, na mpaka leo sijapata mtu wa kuyapinga. Mto ukiuvua hiyo "m" ya mbele, kinachobaki ni silabi moja, kitu kifupi mno kusimama peke yake. Ndipo wazee wetu wakakitafutia "ji" ya kukiegemeza. Kijito ni kitu kidogo ambacho lugha yenyewe iliona kinahitaji kushikwa mkono.

Siku moja kabla ya kuondoka Bagamoyo nilikuwa nimemuuliza hayo mwenye duka ninakonunua tumbaku, mzee wa Kiarabu ambaye babu zake walitoka Omani. Yeye ana jibu la kila kitu. Alisema hori, ule mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, ni neno la kwao. Mfereji nao ni wa kwao, ni falaji ya Omani ambayo sisi tumeipindua midomoni.

"Na kijito, ami?"

"Hicho ni chenu," alisema huku akipima sukari ya mteja mwingine. "Sisi kwetu maji madogo hatuyapi jina lake. Tunayachimbia njia, njia ndiyo tunayoipa jina."

Sijui kama ni kweli. Lakini nililibeba neno lake mpaka Kerege, nikidhani litanisaidia mbele ya mwenyekiti.

Siku iliyofuata kufika kwangu, Jumatano, tulishinda shambani. Ilikuwa Januari, jua la kupasua, na bado maji yalikuwa yanapita, membamba kama mkono, juu ya mchanga mweusi katikati ya matete. Mama alikuwa ametengeneza kidimbwi kidogo kwa mawe, na kando yake kulikuwa na kata ya kifuu cha nazi. Adhuhuri ilipoingia alikunja mikono ya gauni, akachuchumaa. Nilipotaka kuvuka upande wa juu alinizuia.

"Usiniwekee miguu juu ya maji. Natawadha."

Nikazunguka kwa chini. Alitawadha taratibu, viungo vyote, bila kumwaga ovyo. Alipomaliza aliniambia jambo ambalo naona alikuwa amelihifadhi anieleze uso kwa uso. Zamani, alisema, kiangazi kijito kilikuwa kinakauka kabisa. Ukifika mwezi kama huu ilimbidi abebe dumu la maji ya udhu kutoka nyumbani, na siku alizochoka alitayamamu kwa mchanga. Sasa ana miaka kadhaa hajabeba dumu. Kijito hakikauki tena.

"Mungu ameuona uzee wangu," alisema. "Mwambie na hilo mwenyekiti."

Alitandika mkeka kivulini. Mimi sikuwa nimeswali siku nyingi, lakini niliona haya kukaa tu, nikaenda kidimbwini nami nitawadhe. Nilipojaza maji mdomoni nikasimama. Yalikuwa na utelezi. Nikatema, nikanusa kiganja, nikarudia. Kisha nikatazama matete kwa makini, na pale maji yalipokuwa yanapiga kona palikuwa na povu jembamba limenasa kwenye mashina, jeupe, lisiloyeyuka.

Nilimngoja amalize. Alipotoa salamu nilimwambia, "Mama, maji haya yana sabuni."

"Ni majani ya matete yanaoza."

Alijibu upesi mno. Akaendelea kukaa palepale, tasbihi mkononi, lakini hakuihesabu. Kisha akasema bila kunitazama, "Nenda ukaangalie yanakotoka."

Nilipanda nayo. Nimetembea sana maishani, lakini mara chache nimetembea nikijua ninachokitafuta, na mara chache zaidi nimetamani nisikipate.

Kwanza nilifika kwenye kiwanja cha mzee mstaafu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, akimwangalia fundi anavyopanga tofali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kijana, na mimi nina mvi. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alinionyesha ile kona na kunieleza kwamba mke wake anatembelea gongo, ameshaanguka pale mara mbili, na yeye anataka uwanja usio na shimo. "Mchirizi tu huu," alisema, "lakini unatuvunja miguu." Nilikunywa chai yake, nikashukuru, nikaendelea. Nilijua nimekunywa chai ya mtu ambaye Ijumaa ningesimama kumpinga, na chai ilikuwa nzuri.

Juu yake kulikuwa na mstari wa vyumba vya kupanga. Dada mmoja alikuwa anasuuza sufuria mlangoni na kumwaga maji yake humo humo. Nilimuuliza kama anajua kijito hiki kinaanzia wapi.

"Kijito gani?"

"Hiki unachomwagia maji."

"Aa, mfereji. Sijui, mimi niliukuta."

Mbele zaidi, karibu na lami, vijana walikuwa wanaosha bodaboda. Pale maji yalikuwa mapana kidogo na yenye rangi ya mafuta. Kwao ulikuwa mtaro. Nikauliza mtaro wa nani.

"Wa serikali, mzee baba. Kwani unatafuta nini, madini?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao. Kule chini kwa mama kilikuwa kijito, nusu saa ya kutembea kimeshakuwa mtaro, na maji ni yaleyale. Kila aliyekuja kukaa pembeni yake alikuwa amekipa jina la kile alichokifanyia. Hakuna aliyedanganya.

Nikafika mwisho wake, yaani mwanzo wake. Ulikuwa nyuma ya gesti moja yenye ghorofa, karibu kabisa na barabara. Ukuta wa uani ulikuwa na tundu, na kwenye tundu hilo limechomoza bomba la plastiki, jeusi kwa ukungu. Maji yalitoka humo, yakatua kwenye mawe, yakaanza safari. Juu yake hapakuwa na kitu, ila sakafu ya saruji na magari yaliyoegeshwa.

Geti la uani lilikuwa wazi. Ndani, mama mmoja wa rika langu alikuwa anafua mashuka kwenye beseni kubwa, na kamba zote zilikuwa zimejaa meupe. Nilimwamkia, nikamuuliza kama zamani pale palikuwa na chemchemi. Alifikiri kidogo. Alisema alipoletwa kuwapikia mafundi wa kwanza palikuwa na sehemu yenye majimaji na matete marefu, gari likizama halitoki. Malori yakamwaga kifusi, kikazama, yakamwaga tena, mpaka pakakubali. Ndipo wakajenga.

"Na haya yanayotoka?"

"Ya kisima kirefu. Yanapandishwa na pampu, yanapita kwenye mashuka yangu, yanakwenda zake."

"Na ya vyooni?"

"Vyoo vina shimo lake." Alikamua shuka. "Likijaa, nayo hupita hukohuko. Gari la kunyonya huchelewa." Kisha akanitazama. "Kwani kuna mtu anayatumia?"

"Mama yangu."

"Anamwagilia?"

"Anatawadha."

Aliliacha lile shuka, akatoa mikono majini, akaipangusa kwenye kanga. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa sabuni. "Mimi pia naswali," alisema polepole. "Nisingejua." Nilimuuliza ni tangu lini maji yanapita vile. Alisema alipoanza kufua, mwanawe wa mwisho alikuwa mgongoni. Sasa anakwenda shule mwenyewe na anavuka barabara mwenyewe.

Niliporudi nilikwenda polepole, na si kwa ajili ya goti peke yake. Nilikuwa natunga uongo. Nilitunga ulio mzuri, kwamba chemchemi ipo, inabubujika chini ya miamba, na sabuni ni ya yule dada wa sufuria tu. Ungemtosha mwenyekiti, ungemtosha hata mzee wa turubai. Lakini nilipofika mama alikuwa bado amekaa kwenye mkeka, na alinitazama kama anayemtazama mganga anayetoka chumba cha mgonjwa. Nikamwambia yote, hadi lile shimo la vyoo.

Hakuuliza habari za mpunga. Aliuliza, "Tangu lini?"

Nikamweleza habari ya mtoto wa mgongoni. Alianza kuhesabu kimyakimya, midomo inacheza. Nilielewa anachohesabu. Alikuwa anahesabu adhuhuri zake na alasiri zake, zile za kiangazi, zote alizoswalia pale bondeni kwa udhu wa maji yale. Kijito kisichokauka alikuwa amekitolea shukrani kwenye sijda. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa maji ya kufulia ya wageni.

Siku ya pili asubuhi tulikwenda kwa maalimu anayefundisha watoto madrasa, kijana mpole, mdogo kwangu. Aliwatoa watoto barazani wakacheze, akamsikiliza mama mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha alieleza kwa upole. Maji yanayobadilishwa na sabuni mpaka yanapoteza jina la maji ni safi lakini hayatoharishi, udhu hauswihi kwayo. Na yakichanganyika na ya shimo la choo, hayo ni najisi kabisa. Alipoona uso wa mama akaongeza haraka kwamba mtu hadaiwi asichokijua kwa yakini. Sala iliyoswaliwa kwa maji ambayo rangi yake, ladha yake na harufu yake hazikuonekana kubadilika, ni sala. Alikuwa anamfungulia mlango, na hata mimi nisiyeswali niliuona ulivyofunguka.

"Sasa, mama," alisema, "uliwahi kuisikia harufu?"

Nilitazama miguu ya mama. Ilikuwa na nyufa za matope ya miaka yote ile, na ilitulia.

"Niliisikia," alisema.

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza ambao hakikukauka. Nikajisemea ni majani."

"Labda kweli yalikuwa majani."

"Maalimu, mimi nimezaliwa ndani ya majani yale."

Nje, watoto walikuwa wanagombania mpira wa matambara. Mwisho maalimu akasema basi, azilipe zile anazozidhania, adhuhuri na alasiri za shambani tu, moja baada ya kila sala ya faradhi. Asijitese, kwani Mungu hakumtaka augue. Asiyekumbuka idadi alipe mpaka moyo utulie.

Tuliporudi, mama alisema jambo moja tu njiani: moyo wake haujawahi kutulia kwa urahisi.

Ijumaa walikuja. Mwenyekiti alitangulia, bado amevaa kanzu yake ya msikitini, mtu mnene mwenye sauti ya kupendeza. Nyuma yake alikuja mzee mstaafu na fundi wake, na majirani wachache waliofuata kwa kuwa hawakuwa na la kufanya. Mwenyekiti aliamkiana na mama kwa kirefu, habari za siku mbili tatu, za afya, za shamba. Kisha akasimama juu ya kidimbwi, akatabasamu.

"Hapa nimevua kambare kwa shati la shule," aliwaambia watu. "Nikachapwa kwa ajili ya shati, na kambare nikawala."

Watu wakacheka. Ilikuwa wazi ameshaamua moyoni, na alihitaji sababu tu ya kutamka. Mama alikuwa amemwambia kwamba mimi nina maneno, kwa hiyo akanigeukia.

"Haya, mwanangu. Kijito ni nini?"

Nikaanza vizuri. Nilisema kijito ni mtoto wa mto, kina njia yake, hakingoji mvua. Nilisema hata lugha inakishika mkono ili kisimame. Wengine wakatikisa vichwa, mzee mstaafu naye akatikisa chake kwa adabu. Kisha nikasema kijito kina asili yake, na hapo ulimi wangu ukakwama.

"Na hiki asili yake iko wapi?" mwenyekiti aliuliza, akitaka nimalizie tu.

Nilimtazama mama. Akajibu yeye.

"Imefukiwa. Haya ni maji ya kufulia mashuka ya gesti."

Kuna aliyecheka nyuma, akajizuia. Mwenyekiti alikunja uso. Alimsogelea mama na kupunguza sauti, lakini sote tulisikia.

"Bi mkubwa, mashuka tuyaache. Njia hii ni ya kijito, mimi na wewe tunaijua. Niambie tu kwamba hiki ni kijito, tumalize, twende tukale."

"Kilikuwa kijito."

"Na sasa?"

"Sasa siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mwenyekiti."

Alimngoja. Nadhani alimngoja muda mrefu kuliko ilivyompasa. Alijaribu njia nyingine, akamuuliza kama masika maji hayapiti kwa wingi, na mama akajibu kwamba masika maji hupita kila mahali, hata jikoni kwake. Jirani mmoja akauliza kwa nini basi gesti isiambiwe ifunge bomba lake. Mwenyekiti akapumua, akasema ataandika juu, na kila mtu alielewa kwamba kuandika juu ni kama kutuma salamu. Mwisho akatoa uamuzi. Mzee mstaafu aruhusiwe kufukia kona yake, kwa sharti alaze bomba chini ya kifusi ili mvua isimfurikie mtu. Aliutoa bila furaha, akaondoka akiwa ameshika ncha ya kanzu isiguse matope.

Mzee mstaafu alibaki. Alikuwa ameshinda na hakuelewa ameshindaje. Alikuja mbele ya mama, akavua kofia.

"Nakushukuru, bi mkubwa."

"Usinishukuru, baba. Sikukufanyia wewe."

Tulipanda kurudi nyumbani chini ya mikorosho, yeye mbele, mimi nyuma nikivuta goti. Nilikuwa na hasira, na uchovu ulikuwa umeizidi hasira. Nikamwambia, mama, lilikuwa neno moja tu. Mwenyekiti alikutengea kila kitu, ulitakiwa kuitikia.

Alisimama, akageuka. "Jana nimemwambia maalimu kwamba haya si maji ya kijito. Leo nimwambie mwenyekiti kwamba ni ya kijito, kwa ajili ya mchicha? Mungu yupo kwa wote wawili."

Nimekaa na watu wengi, na nimewasikia wengi wakisema kitu kimoja mlangoni na kingine uani, na mimi ni mmoja wao. Sikuzoea kuona mtu anapoteza shamba kwa kukataa tu kusema maneno mawili yanayopingana.

Malori ya kifusi yalikuja juma lililofuata. Bomba lililazwa kweli, mzee alitimiza sharti. Sasa maji yanatokea kwenye tundu la ukuta wake na kudondokea upande wa mama kwa kelele, na wapita njia wameanza kupaita pale bombani. Mama aliacha kumwagilia kwa maji yale ya najisi siku ileile malori yalipokuja. Mchicha ukanyong'onyea, kisha matembele. Bamia zilijikaza kidogo.

Nilijaribu kuchimba kisima pembeni mwa majaruba ya mpunga. Hiyo ni kazi ninayoijua. Nilichimba mpaka mchanga ukawa baridi na maji yakaanza kujikusanya chini, nikashuka nikachota kiganjani, nikanusa. Udongo ulikuwa umeyanywa maji yale miaka yote, na sasa ulikuwa unayarudisha. Nikafukia.

Tunangoja masika. Mpunga hautegemei kijito peke yake, mvua ikiwa nzuri atapata chochote. Kwa sasa nachimba misingi ya nyumba za watu huko juu barabarani, nyumba ambazo zitakuwa na mabomba yao, na jioni narudi na unga na dagaa. Sijawahi kukaa kwa mama muda mrefu namna hii tangu nilipokuwa mtoto. Watu wananiuliza naondoka lini, nasema bado.

Kila siku ni hivi. Naandaa ugali, nauweka mkekani. Magharibi inaingia, mama anaswali faradhi, anatoa salamu, na mimi nasogeza bakuli la kunawa. Kisha anasimama tena na kunuia nyingine, adhuhuri ya kiangazi fulani ambacho mimi sikuwepo. Hapo nyuma nilimuuliza ameamua kuhesabu kuanzia lini. Akasema ameanzia mwaka mmoja kabla ya gesti, asije akapunja. Nikamwambia mwaka huo kijito kilikuwa kizima, maji yalikuwa halali. Akasema hana hakika tena.

Anarukuu, anashika magoti, anachelewa kuinuka. Naufunika ugali kwa sinia, nakaa kungoja.